Tathmini Tatu za Dada Yako

Mdogo wangu mpenzi,

Barua hii ikukute mzima, umeshiba, na umelala usingizi wa kutosha, ingawa najua ninyi walimu wa jeshi hamlali, mnawavizia wanafunzi wenu. Kifua je? Kile kikohozi ulichokuwa ukinikoholea simuni kimehama au bado ni mpangaji? Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, yanayolalamika ni magoti yake, mdomo hauna ugonjwa wowote. Shemeji yako yumo kinyozini kwake kama kawaida, mkasi mkononi, redio sikioni. Mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele kwa mpigo, na sasa kila penye "s" anapiga filimbi. Anakuamkia. Shikamoo yake siku hizi unaisikia huku unalowa mate.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Tangu tukiwa wadogo hujawahi kuniacha nimalize hadithi, lazima uulize "halafu?" kabla sijafika kwenye halafu yenyewe. Karatasi haikatizwi. Kwa hiyo vua buti, kaa chini, usome kwa mpangilio, na usirukie ukurasa wa mwisho. Nakujua.

Mdogo wangu, mwaka huu niliomba kwenda kusomea uafisa.

Naam, umesoma vizuri. Zile mara zote ulizopiga ukaniuliza kuna jipya gani, nami nikakujibu hakuna, ni malori tu, jipya lilikuwepo limekaa kwenye ulimi wangu. Nilimeza mate nikakuuliza habari za chakula cha huko. Nisamehe, lakini nilikuwa na sababu. Wewe unazijua kanuni kuliko mimi: askari aliye kazini akiomba, lazima asailiwe na maafisa watatu, kila mmoja peke yake, na kila mmoja aandike tathmini yake kwa mkono wake. Afisa asiwe ndugu, wala asiwe mkufunzi wa chuo cha maafisa. Wewe ulikuwa umefungiwa nje mara mbili, kwa damu na kwa kazi. Na bado nilijua ungesikia tu, ungenyanyua simu, mara moja, kwa nia njema kabisa, ukamwomba mtu aniangalie. Simu hiyo moja ingenifuata mpaka nastaafu. Wangesema sajini kabebwa. Mimi niliyekubeba mgongoni hadi ukaanza shule, leo wewe ndiye unibebe?

Tena umri wangu unaujua. Mwakani mlango ungefungwa na mimi niko nje. Ilikuwa mwaka huu au basi.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa shemeji yako. Nilimfuata kinyozini jioni moja watu wakiwa wengi, nikamnong'oneza. Akaweka wembe chini, akaniuliza maafisa huuliza maswali gani. Nikamwambia sijui, labda ya uongozi, labda kwa nini naitaka kazi. Akasema basi tufanye mazoezi hapa hapa. Akaniketisha kwenye kiti cha kunyolea, akanifunga kitambaa shingoni, akasema usaili wowote huanza kwa kumtisha mtu. Waliokuwa wakisubiri zamu wakajipa uanachama wa bodi bila kuombwa. Fundi bomba wa mtaani kwetu akauliza ningefanyaje adui akitokea kulia na bomba likapasuka kushoto. Mwalimu mstaafu, yule anayekuja kunyolewa ingawa hana nywele, alikuwa akinikatiza kila sentensi kunisahihisha sarufi. Muuza viatu alitaka kujua tu kama afisa hupewa buti mpya au hurithi za mwenzake. Tulicheka hadi mteja mmoja akaondoka amenyolewa upande mmoja. Alirudi kesho yake kuufuata wa pili.

Lakini watu walipotawanyika shemeji yako aliniuliza swali moja kwa upole, akinitazama kupitia kioo. Aliniuliza mimi mwenyewe nautakia nini uafisa. Nikamjibu nataka mtoto wetu awe na maisha mazuri. Akatikisa kichwa, akasema hilo ni jibu la kwenye redio. Nililala nalo hilo swali, nikaamka nalo.

Afisa wangu wa kwanza alikuwa Meja daktari wa hospitali ya jeshi, mama mmoja mnene mchangamfu, anayetembea na kalamu nne mfukoni na kila siku anaazima ya tano. Alinisaili wodini, tukihama kitanda hadi kitanda. Aliniuliza kama nimewahi kuamua jambo zito bila kuwa na wa kumuuliza. Nikamsimulia siku dereva wangu mmoja alipopata habari mkewe ameshikwa na uchungu, msafara wa malori umeshawashwa na dereva wa akiba hakuna. Nilimshusha, nikamwambia nenda kwa mkeo, nikapanda mimi na kuliendesha lile lori hadi mwisho wa safari. Kamanda nilimtaarifu tulipofika. Meja akacheka hadi mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka naye bila kujua kisa. Aliandika amesimama, ameegemea meza ya dawa, akaniambia waziwazi alichoandika: kwamba mimi askari wangu nawajua hadi watoto wao. Nilitoka pale naelea. Nikajiambia kumbe usaili ni kitu chepesi hivi.

Subiri.

Wa pili alikuwa Kapteni wa uhandisi. Askari wanamwita Rula, kwa sababu anatembea amenyooka na hacheki hata akitekenywa. Ofisini kwake hakuna kitu kilicholala upande. Hata kifutio kimepangwa sambamba na ukingo wa meza. Alichora ubaoni mpango wa kusafirisha mitambo kutoka ghalani hadi kambi ya mbali, akaniuliza nauonaje. Mdogo wangu, mpango ulikuwa mbovu. Barabara aliyoichagua haibebi lori lenye mzigo ule, hilo nalijua kama ninavyojua mlango wa kwangu. Nikasema, "Ni mpango mzuri, afande." Akafuta, akachora mwingine, mbovu kuliko wa kwanza. Nikasema huu ni mzuri zaidi. Akachora wa tatu; huo malori yalikuwa yavuke mto mahali pasipo na daraja wala kivuko. Mimi, dada yako, mwenye akili zangu timamu, nikasema inawezekana.

Akaweka chaki chini, akajifuta mikono, akaniambia, "Sajini, umenikubalia upuuzi mara tatu."

Masikio yalinichemka. Hakunifokea, na hilo ndilo lililouma. Alisema amesikia sifa zangu, kwamba mbele ya walio chini yangu mimi ni simba, lakini mbele ya mkubwa nageuka mwangwi, narudisha alichosema yeye. Akasema afisa wa namna hiyo huua watu kwa adabu njema. Kwenye kipengele cha ujasiri wa kusema ukweli atanipa alama ndogo kabisa, na kwingine atanipa ninachostahili. Kisha akaongeza kwamba kanuni inaniruhusu kutafuta afisa mwingine badala yake. Karatasi yake ataichana, wala hatakuwa na kinyongo. Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Ndiyo, afande." Nikapiga saluti, nikatoka. Yaani hata hilo nilikubali.

Nilipofika nyumbani nilijifungia bafuni nikafungulia maji ili nilie kwa nafasi. Mama akanigongea kuniambia maji yanaisha. Nilipotoka nikawasimulia. Mama akasema jibu liko wazi, nani anayebeba jiwe lake mwenyewe la kupigiwa, nikatafute afisa mwenye moyo wa nyama. Shemeji yako alikuwa akimsuka mtoto, na wewe unajua anavyosuka, akimaliza mtoto anafanana na antena. Usiku sikufikiri lolote la maana. Asubuhi nikiwa napiga pasi sare ndipo liliponijia: nikienda kutafuta afisa mwingine, nitakuwa nimemkubalia Rula kwa mara ya nne.

Nilikwenda ofisini kwake kabla hajaketi. Nikamwambia, "Afande, sikubaliani na wewe." Akauliza na nini. Nikasema na ushauri wa kutafuta mwingine. Alichoandika ni kweli, naiomba karatasi yake kama ilivyo. Akafungua mtoto wa meza, akanipa. Hakuongeza hata nukta. Nilipokuwa mlangoni akaniita nikageuka, nikidhani sasa atasema neno. Akaniambia kamba ya buti yangu ya kushoto imefunguka.

Sasa sikia kilichotokea kinyozini, maana hiki mtaa mzima unakijua na kila mtu anakisimulia kwa namna yake. Jumamosi ile Rula aliingia kunyolewa. Alikuwa mgeni pale, amevaa kiraia, lakini mgongo ule hauwezi kufichwa na shati. Shemeji yako akamtambua kutokana na maneno yangu, akamketisha, akampaka povu, akachukua wembe. Alipofika kwenye koo akamuuliza taratibu kama anamfahamu sajini mmoja wa usafirishaji, mwanamke. Kapteni akasema anamfahamu, na amempa alama ndogo. Shemeji yako akasema hilo analijua, kwa kuwa yeye ndiye mumewe.

Fundi bomba akazima redio. Mwalimu mstaafu akakunja gazeti. Rula, bila kusogeza kidevu hata unywele, akauliza ainuke au aendelee kukaa. Shemeji yako akamwambia akae, kazi nusu yeye hajawahi kuitoa dukani. Fundi bomba alikohoa kidogo, kwa sababu yule mteja wa upande mmoja wote wanamkumbuka. Wembe ukaendelea. Ndipo Kapteni mwenyewe akasema, macho yakiwa darini, kwamba huyo mke wa kinyozi alikuja akamkatalia usoni huku anatetemeka, na kama sajini angefanya hivyo siku moja mapema, yeye angeandika mengine. Shemeji yako akamuuliza kwa nini basi asibadilishe. Akajibu, "Kwa sababu aliniomba kama ilivyo." Shemeji yako anasema hajawahi kumnyoa mtu kwa heshima kama alivyomnyoa yule. Siku hizi Kapteni anakuja kila baada ya wiki mbili, na fundi bomba anambishia mambo ya uhandisi hadi povu linamkauka kidevuni.

Afisa wa tatu nilimwendea na kile kidonda kimeanza kupona. Alikuwa Luteni Kanali wa ugavi, mzee aliyekaribia kustaafu, ofisi yake imezungukwa na waridi alizopanda kwenye makopo ya rangi. Alinipa ndoo ya kumwagilia nimshikie, tukafanya usaili tunazunguka bustani. Aliniuliza kama nina ndugu jeshini. Nikasema ninaye mdogo wangu, luteni, mkufunzi wa chuo. Nilipotaja jina lako alisimama kama aliyekanyaga msumari, akaangua kicheko. Kumbe wewe ulipokuwa mwanafunzi yeye alikuwa mkuu wa mafunzo!

Mdogo wangu, kumbe uliitwa Bi Harusi.

Usikatae. Mzee amenieleza yote: eti wenzako wameshapanga mistari uwanjani, wewe umo bwenini unajitazama kwenye kioo cha mkononi, na kila asubuhi lazima watumwe watu wawili kukutoa, mmoja huku na mmoja huku, kama unapelekwa kwa mumeo. Nilicheka hadi nikajimwagia maji ya waridi kwenye sare. Na mimi, kwa kuwa siri haiendi peke yake, nikamlipa na ya kwangu. Nikamsimulia siku ile ulipokuja kikosini kwetu mara ya kwanza na nyota yako mpya. Nilikuwa langoni na askari wangu, nikakupigia saluti iliyonyooka, na wewe badala ya kuipokea kama afisa ukaniambia mbele yao wote, "Shikamoo dada." Mwezi mzima askari wangu walikuwa wakija kuchukua ufunguo wa lori wananiamkia shikamoo dada.

Mzee alipomaliza kufuta machozi aliniuliza nilijisikiaje siku ile. Hapo ndipo nilipofika mahali ambapo sijawahi kufika hata mimi mwenyewe, na ninakwambia wewe sasa, kwa sababu ni haki yako kujua.

Siku ile watu wengi walinionea huruma. Walikuja mmoja mmoja kunipa pole, kana kwamba nimefiwa, eti mtoto niliyemlea amenipita na sasa namsimamia wima. Mama naye alinitazama kwa jicho la pembeni wiki nzima. Nami nilikuwa nacheka, nawaambia nina furaha, na furaha ilikuwa ya kweli, hilo usilitilie shaka hata kidogo. Lakini haikuwa peke yake. Nilipokupigia saluti, mkono wangu ulikuwa kwako, macho yangu yalikuwa kwenye nyota. Sikuona aibu, wala wivu sikuuona. Niliona njaa. Nilijiambia, kumbe ndivyo inavyokaa begani. Mbona hata mimi naiweza. Nikaificha njaa hiyo nikaendelea kugawa malori.

Nilimwambia Kanali maneno hayo hayo. Akaniuliza kama ndivyo, kwa nini sikuomba miaka yote ile. Mdomo wangu ukajibu kabla yangu. Ukasema, "Hakuna aliyeniambia niombe, afande." Nilipojisikia nikisema hivyo nilimwelewa Rula mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimesimama wima miaka nenda miaka rudi nikisubiri amri ya kutamani.

Kanali alinyoosha kidole kwenye kopo la pembeni, akaniuliza ua lile nalionaje, maana ndilo analolipenda kuliko yote. Lilikuwa limenyauka, majani ya njano. Nikavuta pumzi, nikamwambia, "Unalizamisha, afande. Maji unayompa huyu mmoja yanawatosha watatu." Aliliangalia ua, akaniangalia mimi, akaninyang'anya ndoo. Kisha akaingia ndani kuandika. Alichoandika sikijui hadi leo, wala sikuuliza.

Faili likaenda na tathmini zote tatu, ile ya alama ndogo ikiwa katikati kama mtoto mtundu kati ya wazazi. Halafu ikaja kazi ngumu kuliko usaili wote, kusubiri. Shemeji yako aliponiuliza mara ya kumi kama kuna habari nilimtishia kumnyoa mimi.

Wiki iliyopita Kamanda wa kikosi aliniita ofisini. Nilifika nina mafuta ya injini hadi kwenye viwiko. Akaniambia bodi inayochagua wanafunzi iliuliza jambo moja tu, kwa nini mwombaji aambatishe karatasi inayomsema vibaya ilhali aliruhusiwa kuibadilisha, naye akawajibu waniulize nikifika. Nilisimama pale nikingoja amalizie sentensi. Akaniambia, "Sajini, nimesema ukifika. Umechaguliwa."

Sikumbuki kama nilipiga saluti. Nakumbuka kwamba nilipotoka madereva wangu walikuwa wamepata habari, sijui kwa upepo gani, na kila aliyekuwa kwenye lori akakalia honi. Kambi nzima ilidhani kuna hatari, walinzi wakakimbilia silaha. Yule dereva wa mke mwenye uchungu akanibeba juu juu, mafuta na yote. Rula alipita mbali, akasimama, akanipigia makofi mawili yaliyonyooka, akaendelea na safari. Mama ametembelea nyumba zote za mtaa wetu kutangaza kwamba sasa ana maafisa wawili, na anayetaka ushauri wa kulea watoto apange foleni. Eti yeye tangu mwanzo alinishauri niipeleke karatasi ya Rula. Tumemwacha.

Sasa mdogo wangu, kaa vizuri kitini. Chuo nilichopangiwa ni chako. Kombania nimewekwa nyingine, si yako, ili damu isiingie kwenye alama, lakini nimeuliza nikaambiwa gwaride la asubuhi la wote linasimamiwa na luteni mmoja mwenye kola iliyopigwa pasi kuliko ya jenerali. Mpwa wako amecheka hadi akapata kwikwi. Anataka kujua mama akikosea mjomba atamfanyaje.

Nami nakuomba hivi. Usimwambie mtu yeyote kabla sijafika. Nikikosea, nifokee kama unavyowafokea wengine, wala usinilainishie jicho. Nikiona umenionea huruma, nitataja lile jina la bwenini mbele ya kombania zote. Ukinipa amri ya halali nitaitii mbio. Ukipanga jambo la kipuuzi nitakwambia ni la kipuuzi, kwa adabu zote, maana hilo ndilo nililokuja nalo. Na likizo ikifika, ukija kwangu, nyota utaziacha mlangoni na vyombo utaviosha kama zamani.

Wote wanakusalimu: Mama, ambaye anasema uvae kitu cha kukinga kifua, shemeji yako, anayekuwekea zamu kitini, mpwa wako kwa filimbi zake, na fundi bomba, ambaye bado anangoja kujua lile bomba la kushoto ningelifanyaje. Nikuage hapa, nina sanduku la kupanga na buti za kung'arisha. Mungu akuweke mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako mkubwa, ambaye Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa ya gwaride, atasimama mstari wa mbele akuite Afande kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. Na wewe siku hiyo, tafadhali, usiniamkie.